Mwalimu Aliyekula Sombe Kwetu

Juzi niliona bango la uchaguzi kwenye uwanja wa jirani, na sura iliyokuwa pale ikanirudishia harufu ya sombe ya mama, yale majani ya muhogo yenye mawese mengi.

Nilikuwa darasa la tatu, familia yetu bado wageni katika nchi hii, tukikaa kwenye apatimenti nyuma ya barabara ya Morse Road. Mchana mmoja mlango uligongwa. Alikuwa mwalimu wangu, nami nikakimbilia chooni, maana nilijua mwalimu haji nyumbani ila kushitaki. Mama akanivuta mkono nikatafsiri. Kumbe mwalimu alikuwa anagombea kiti katika bunge la jimbo, anapita nyumba kwa nyumba kuomba kura.

Mama akashusha pumzi, akacheka. "Bon, haya, umwambie sisi hatujakuwa raia, kura hatuna. Lakini sombe iko. Akae, ale."

Mwalimu akaweka vikaratasi vyake chini, akanawa, akala kwa mkono mpaka akaongezewa. Nilidhani wagombea wote hushinda na njaa. Leo najua thamani ya mchana mmoja wa mgombea, na ule aliutoa kwetu sisi tusiokuwa na kura.

Juzi, baada ya kuliona lile bango, nikampigia mama simu kumwambia mwalimu anagombea tena.

"Yule wa sombe?" akapiga kelele za furaha. "Umwambie sasa kura iko!"