Ndevu za Kitunguu Saumu

Tangu Jumatatu Mama Saumu alikuwa hasemezeki. Ukimsalimia anakujibu kwa mkato, ukimuuliza bei anakutajia kama anakufukuza. Na haki alikuwa nayo. Miaka kumi na tisa ameketi meza ya tatu kutoka geti kuu, anauza vitunguu saumu vitupu, hata jina alilopewa na wazazi wake watu wamelisahau, halafu mwenyekiti wa soko anakuja na karatasi mkononi kumwambia ahamie nyuma, karibu na vyoo.

Sababu ilikuwa wageni. Siku hizi wapo watu wanaotembelea masoko ya mjini kama wengine wanavyotembelea mbuga za wanyama. Kila Jumamosi wanashushwa getini kundi zima, wanapiga picha nyanya, wanauliza kila kitu kimelimwa wapi. Kamati ya soko ikanusa neema, ikaamua safu ya mbele iwe ya mazao ya hapa nchini peke yake. Wazo zuri, nani atalipinga? Ila kamati haikufika shambani kwa mtu hata mmoja. Ilipita mezani ikakagua kwa macho tu. Vitunguu vya Mama Saumu vilikuwa ndani ya maboksi yenye maandishi ya kigeni, basi na vyenyewe vikaandikwa vya kigeni.

Alijieleza mpaka koo likamkauka. Mdogo wake wa kiume, anayelima shamba waliloachiwa na baba yao, huokota maboksi yale nyuma ya maduka makubwa, kwa sababu kitunguu saumu ukikisafirisha kwenye gunia kinatoka jasho na kuoza. Mwenyekiti alimsikiliza huku anatazama saa, kisha akasema wageni wanajua kusoma.

Na meza akapewa nani? Bwana mmoja ambaye mpaka mwaka jana alikuwa anauza makava ya simu. Soko zima lilimwita Makava na halikuona sababu ya kuacha. Sasa Makava alikuwa na vikapu vizuri vya kusukwa, na ndani yake vitunguu saumu vimepakwa udongo mwekundu, utadhani vimeng'olewa alfajiri ile. Mama Saumu alitazama mara moja tu, damu ikamchemka.

Maana yeye alijua kitu ambacho kamati nzima haikukijua. Kitunguu kinachotoka ng'ambo hukatwa mizizi yote kabla ya kupakiwa, kisivushe udongo mpakani. Kitako chake kinabaki laini kama kidevu kilichotoka kwa kinyozi. Cha hapa kinang'olewa, kinaanikwa, kinakuja sokoni na ndevu zake. Udongo unaweza kuupaka, ndevu huwezi kuziotesha. Akaapa atamgeuza Makava na vitunguu vyake mbele ya wageni.

Ila alitaka awe na mzigo wake wa kulinganisha, tena mwingi. Jumanne alimpigia mdogo wake simu: anataka maboksi manne, Alhamisi yawe yamefika. Mdogo wake akamwambia shamba mwaka huu halikuwa zuri, akijitahidi sana atapata boksi moja. Mama Saumu akamfokea. Akamwambia kama anafurahi dada yake afie kando ya vyoo, basi asilete kitu.

"Sawa, dada," mdogo wake akasema. "Utapata manne."

Alhamisi yakafika manne. Mama Saumu alifungua moja, akanusa, akaona ndevu, akafunga. Vya nyumbani vya nini kuvigeuza?

Jumamosi mwuza maharage, jirani yake wa miaka mingi, alimwona anafunga khanga kiunoni akajua kuna jambo. Akamkumbusha kwamba hasira hasara. Mama Saumu akamjibu kwamba hasara ameshapewa, hasira ni yake mwenyewe.

Wageni walipofika kwa Makava, mwenyekiti akiwa katikati ya hotuba juu ya jasho la mkulima wetu, Mama Saumu alipenya, akachukua kitunguu kikapuni, akakifuta udongo kwa khanga na kukigeuza.

"Mwenyekiti, kitunguu kikitoka shambani kwetu kina ndevu," alisema. "Hiki kimenyolewa. Chukua kingine. Chukua chochote."

Mwenyekiti alichukua kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote vipara. Wageni nao wakaanza kuvigeuza, na Makava akainama ghafla kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Mama Saumu alihisi utamu mpaka kwenye visigino.

"Haya," mwenyekiti akasema, uso umemwiva. "Tuletee na vyako."

Alikwenda nyuma karibu anakimbia. Akalifungua tena lile boksi la juzi. Tabaka la juu, ndevu. Akaingiza mkono chini zaidi kutafuta vinono, vidole vikagusa ulaini. Akakitoa. Kipara. Akatoa kingine, kipara. Akachana la pili na la tatu, mule hata tabaka la juu halikuwa na ndevu. Gundi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika vifuniko, hayajawahi kufunguliwa.

Hasira ilimpanda, na hasira haikujua iende wapi. Kwa mdogo wake, aliyemtia aibu? Ndiyo. Lakini "utapata manne" ile ilimrudia masikioni, na kabla yake kelele zake mwenyewe. Mkononi alikuwa na vitunguu vya juu, vyenye ndevu, vya kutosha kujaza sahani. Nani angechimba boksi? Meza ingekuwa yake tena, akinyamaza tu.

Alilibeba boksi zima na kulimwaga juu ya meza ya Makava. Vipara vikaviringika mpaka chini, ndevu chache zikabaki katikati.

"Na hivi vimenyolewa," alisema. "Mdogo wangu kanunua, na mimi ndiye niliyemlazimisha. Sasa nendeni mkageuze na meza nyingine."

Hawakwenda. Wageni walimpongeza mwenyekiti kwa ukaguzi makini, naye akakubali pongezi. Jioni meza ya tatu ilipewa mwuza maharage, ambaye hakuulizwa kayatoa wapi. Makava alirudi kwenye makava.

Jumatatu Mama Saumu alikuwa kando ya vyoo na sahani moja ya vitunguu, vyote vitako juu. Simu ikalia. Mdogo wake alilia, akaomba radhi, akauliza safari hii alete nini.

"Lete ulichovuna," alisema. "Hata kikiwa kimoja lete. Lakini ujue nitakigeuza."