Usimwite, Yuko Kazini

Mimi, Mama Vitus, ni fundi cherehani, na baraza langu hapa Milanzi, Sumbawanga, linatazamana na geti la akina Justa. Anayeshona barazani huona mengi kuliko anayotaka kuona. Nimeona wachumba wakija na wakiondoka, nimeona mbuzi wa watu wakila mahindi ya watu, na nilimwona Justa siku aliyoshuka kwenye bodaboda na begi moja mgongoni, kompyuta kaikumbatia kifuani. Ulikuwa mwaka ule wa korona, baadhi ya maofisi ya Dar es Salaam yalipokuwa yanawaambia watu wakafanyie kazi nyumbani. Wenzake walielewa kwamba nyumbani ni Tabata na Mbezi. Justa alielewa kwamba nyumbani ni Sumbawanga, akaomba, akakubaliwa.

Mtaa haukumkubalia. Walisema amefukuzwa. Walisema kuna jambo amelikimbia huko. Mtu gani ana kazi Dar halafu asubuhi anaonekana na sweta na malapa anamwagilia mchicha? Mimi nina mdomo, najua, na sikuuzuia. Niliwauliza mbona mimi nashonea nyumbani kwangu miaka yote na hakuna aliyesema nimefukuzwa. Walicheka, lakini waliendelea kusema.

Kazi alikuwa nayo. Aliajiriwa na kampuni ya bima, upande wa madai. Mtu gari lake limegongwa, au duka lake limeungua, anapiga simu. Justa anamsikiliza, anampa pole, anapitia picha na maelezo yake, kisha anamfuatilia mpaka alipwe. Wateja wale hawakujua kwamba sauti inayowapa pole inatoka Ufipa, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya ulezi.

Kilichomrudisha ni mama yake. Baba alikwisha kufa, na Justa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Mama Justa alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ilimkatika hata akitoka tu jikoni kwenda kisimani. Alishawahi kupelekwa Dar akakaa kidogo, akarudi amekasirika. Alisema joto lile lingemuua kabla moyo haujapata nafasi. Matibabu yake yote yalipitia kwenye kadi ya matibabu ambayo kampuni ilimpa Justa. Kwa hiyo mambo mawili yalifungana: bila kazi ile hakuna dawa, na bila Justa kukaa nyumbani hakuna wa kumpa mama dawa hizo na kumkimbiza hospitali akizidiwa. Ndiyo maana nasema kazi ya nyumbani kwa Justa haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo kamba iliyomshikilia mama yake.

Mwanzoni mama hakuielewa. Wiki za kwanza alisikia sauti ya mwanamume chumbani kwa binti yake ikisema habari za asubuhi. Akaingia, akapiga magoti, akapiga makofi mepesi kama wanawake wa Kifipa wa umri wake wanavyomsalimu mtu mzito, akauliza habari za mke, za watoto na za mazao. Mwenye sauti alikuwa mkurugenzi, Bwana Christopha, kwenye kompyuta, katikati ya kikao cha wafanyakazi wote. Justa alitamani ardhi immeze. Lakini Bwana Christopha alisimama kutoka kwenye kiti chake huko aliko, akaitikia salamu moja baada ya nyingine, hata ya mazao ambayo hakuwa nayo. Tangu siku hiyo kila Jumatatu wenzake walikuwa wanauliza kama mama hajambo.

Wateja, hata hivyo, ni watu wengine. Huwezi kumpa pole mtu aliyeunguliwa na duka huku nyuma unaulizwa kama unataka hindi la kuchoma. Justa akaja kwangu akaomba kipande cha kitenge, nikamkatia cha bluu chenye majani. Kikining'inia mlangoni, maana yake yuko kwenye simu. Kikiondolewa, mlango uko huru.

Mama Justa alikipokea kitenge kile kwa namna yake. Alizaliwa upande wa Chala, kwa watu wa jembe, na shambani kwa baba yake kulikuwa na desturi moja: mtu aliye katikati ya tuta haitwi. Hata mgeni akifika kutoka mbali anakaa pembeni mwa shamba kimya, anasubiri jembe lifike mwisho wa tuta, ndipo salamu zinaanza. Kumwita mtu katikati, walisema, ni kumkata mikono. Basi kwake kitenge kilikuwa tuta. Alihamishia kigoda chake nje ya mlango ule, akawa bawabu. Walikuja watu wa jumuiya na michango, akawaweka kwenye benchi. Alikuja diwani, akamweka kwenye benchi hilohilo. Majogoo waliotaka kuwikia pale walijuta. Na kila mmoja alimwambia maneno yaleyale, kwa kunong'ona, huku amejaa fahari: "Usimwite, yuko kazini."

Nilimtania siku moja kwamba hata mlinzi wa benki huwa anapumzika. Akanijibu kwamba mlinzi wa benki halindi mtoto wake.

Miaka ikaenda hivyo, na ilikuwa miaka mizuri, nisiisingizie. Ule mtaa uliosema amefukuzwa ukaanza kumwitia fundi wa bati, maana Justa aliezeka upya nyumba ya mama yake. Maziwa alinunua kwa Coleta, rafiki wa mama yake wa tangu usichana. Nguo nilishona mimi. Vijana wawili waliomaliza chuo, waliokuwa wameshaanza kuulizia nauli ya Mbeya, wakawa wanakuja kwake kujifunza, na mmoja akapata kazi ya namna hiyohiyo bila kuhama. Diwani naye alipotoka kwenye lile benchi akaanza kusema mikutanoni kwamba mji ukiwa na umeme wa uhakika na mtandao wa uhakika unaweza kuvuta ajira hata kabla ya kuvuta kiwanda. Alisema kama vile amelifikiria mwenyewe. Sikumwumbua, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kisha Bwana Christopha akastaafu. Akaja mkurugenzi mpya, mama mmoja anaitwa Sharon, na amri ikatoka: ikifika Julai kila mfanyakazi awe kwenye meza yake ofisini, Dar es Salaam. Asiyeweza, aache kazi. Justa aliisoma kwenye simu akiwa barazani kwangu, nilikuwa nampima gauni. Niliona mabega yake yameshuka, nikaacha futi ya kupimia ianguke.

Aliomba nafasi ya kuzungumza na wakubwa, akapewa, Alhamisi asubuhi. Siku zote zilizobaki alifanya mazoezi mbele yangu, mimi nikiwa ndio wakubwa wenyewe. Nilimwambia aanze na ugonjwa wa mama. Akakataa.

"Nikiwaambia mama anaumwa watanionea huruma, Mama Vitus, na huruma ina mwisho. Nataka waione faida yao."

Na faida yao aliijua. Kampuni ilirudisha ghorofa nzima iliyokuwa inapanga. Mvua zikifunga barabara za Dar na watu wakakwama njiani nusu siku, simu za wateja zilikuwa zinapokelewa Sumbawanga, Songea na Tabora kana kwamba hakuna kilichotokea. Wafanyakazi hodari waliokuwa wanahamia kwa washindani walitulia. Tena kampuni sasa inaweza kuchagua watu nchi nzima, si wale tu wanaoweza kupanga chumba karibu na ofisi. Na hata Dar yenyewe, alisema, ingepumua kidogo kama si kila mtu analazimika kuingia katikati ya mji asubuhi ileile. Mimi si mtu wa maofisi, lakini nilimwelewa. Bosi asiyelipia kiti chako na bado anapokea kazi yako hajakufanyia hisani.

Mama hakuambiwa. Lakini nyumba ile kuta zake ni nyembamba, na mama ni mama. Alhamisi ile alivaa gauni lake la misa.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda sokoni kutafuta uzi, na haya yaliyofuata aliniambia Coleta, nikamwuliza tena na tena mpaka akachoka.

Walikuwa wawili uani, wanapepeta ulezi juani, upepo wa Juni unakata mifupa. Kitenge kilikuwa mlangoni. Mara mama Justa akaacha ungo, akashika kifua. Jasho likamtoka katika baridi ile. Coleta akainuka amwite Justa. Mama akamkamata upindo wa khanga.

"Usimwite, yuko kazini," alisema. "Akitoka sasa hivi watasema huko nyumbani hakuna kazi. Ngoja amalize."

Coleta akasema basi akaniite mimi. Akachungulia getini, akaona mlango wangu umefungwa. Akarudi, akamkalisha vizuri, akamwegemeza kwake, akamnywesha maji. Watu wanamsema Coleta mpaka leo, na mimi nikiwasikia nagombana nao. Coleta amekulia kwenye mashamba yaleyale ya Chala. Alizoea kumsubiri mtu amalize tuta, na rafiki yake alikuwa anamwomba hivyo huku anamtazama machoni. Nani kati ya hao wanaomsema angefanya tofauti?

Sauti ya Justa ilikuwa inasikika hadi uani, imara, haina haraka. Mama hakuwa na pumzi ya kufuata maneno. Alimwuliza Coleta kama mtoto anaongea vizuri. Coleta akamwambia anaongea vizuri sana. Mama akaitikia kwa kichwa, na kichwa hakikuinuka tena kutoka begani kwa Coleta.

Ndani wakubwa walikuwa wamefika kwenye maswali. Mama Sharon aliuliza swali la mwisho, na hili Justa aliniambia mwenyewe, baadaye sana. Aliuliza kama huko nyumbani hakuna vitu vinavyomkatiza kazi, watu wa nyumbani, kelele na mambo kama hayo.

"Hapana," Justa alijibu. "Mama yangu analinda mlango."

Wakacheka huko Dar, kwa wema tu. Wakamwambia atapata jibu. Akavua vile vya masikioni, akatoa kitenge mlangoni, akatoka uani akitabasamu ili amwambie mama jinsi walivyocheka.

Nilisikia yowe lake nikiwa njia panda, nikaacha mfuko wa nyuzi palepale. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kwenye ulezi uliomwagika, kitenge bado kiko mkononi. Alimwuliza Coleta kitu kimoja tu, kwa nini hukuniita. Daktari alikuja kutuambia kwamba kwa moyo ule hata angeitwa mapema pengine isingesaidia. Sijui kama ni kweli au ndivyo wanavyowaambia wafiwa. Justa hakumwuliza.

Tulimzika Chala, pembeni ya mumewe. Tulikuwa bado kwenye matanga, tumekaa chini kwenye mikeka, simu ya Justa ikaita. Ilikuwa Mama Sharon. Alitoa pole ndefu, ya kweli, maana wenzake wa zamani walikuwa wamemsimulia mama aliyepiga magoti mbele ya kompyuta. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wakubwa wamekubali. Si Justa peke yake, bali wote wa mikoani wabaki majumbani kwao, na kampuni itaendelea kuajiri hukohuko. Justa akasema asante, mama. Akailaza simu mapajani, uso wake chini.

"Nimeshinda, Mama Vitus," aliniambia.

Halafu akalia, na mimi niliyezoea misiba sikujua nimshike wapi. Nilikasirika. Nilikasirikia kampuni, nilikasirikia kitenge nilichokikata kwa mkasi wangu, nikamkasirikia hata marehemu na fahari yake. Najua kuna mama Songea na baba Tabora ambao watoto wao wapo karibu leo kwa sababu ya asubuhi ile. Ni jambo kubwa. Lakini ukikaa karibu na mtu anayelia hivyo, jambo kubwa la wengine halikusaidii kumfuta machozi.

Watu walidhani atarudi Dar, kwa kuwa sasa hakuna kinachomzuia. Hakurudi. Kitenge aliniletea, akasema nikifanyie nitakavyo. Kipo kwenye boksi la vipande. Nimeshakitoa mara nyingi na mkasi umekataa. Mlango wa chumba chake siku hizi uko wazi wakati wote. Wateja wanasikia kuku, wanasikia cherehani yangu, na wengine wanamwuliza yuko wapi. Anawaambia yuko nyumbani.

Coleta ndiye aliyenitia uchungu kuliko wote. Kwa muda mrefu hakukanyaga pale. Alipoanza tena kuleta maziwa, alikuwa anaweka dumu kizingitini bila hodi, bila salamu, akisikia tu Justa anaongea ndani anageuka upesi na kuondoka amejiinamia. Nilikuwa naona yote kutoka barazani.

Juzi Justa alimwona. Alikuwa na mteja kwenye simu. Akamwomba asubiri, akavua vile vya masikioni, akakimbia pekupeku mpaka getini na kumshika mkono.

"Mama mdogo," alisema, "niite. Hata nikiwa kazini, niite."

Coleta alitazama mlango ulio wazi, akatazama mahali kigoda kilipokuwa.

"Justa," aliita, kwa sauti ndogo, na huku ameshikwa mkono.

Justa akaitika.