Nati Nane za Aidan Kapinga

Leseni ya biashara ya Aidan Kapinga, fundi bodi wa Mbinga mjini, ilitolewa tarehe 3 Julai 1995. Imetundikwa kwenye ukuta wa gereji yake, ndani ya fremu ya mbao. Kazi ya kwanza aliyoifanya chini ya leseni hiyo ndiyo ambayo hapendi kuizungumzia.

Lilikuwa Land Rover fupi la Mzee Ignatio Komba, katekista mstaafu wa Mbamba Bay, na lilikuwa limefunikwa kwa turubai tangu likiwa jipya. Ulikuwa msimu ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda milima ya Umatengo kugombea kahawa na ushirika. Mmoja wao alitaka kulikodi gari hilo, lakini turubai litoke kwanza. Alitaka paa la bati, mlango wa kufuli, na ukuta wa bati nyuma ya dereva, ili magunia yasiibwe.

Ignatio alikubali, naye akaweka sharti lake kwa fundi.

"Paa lako liwe la kufungua. Sisi kule ziwani, gari hili ndilo linalotufikisha nyumbani."

Aidan alimwelewa. Turubai likivuliwa, jeneza lililazwa kutoka juu ya migongo ya viti vya mbele hadi nyuma, na ndugu walikaa pande mbili, kila mmoja ameweka kiganja juu ya ubao mpaka wafike. Katika ukoo wa Ignatio hakuna marehemu aliyesafiri bila kuguswa.

"Nati nane, Mzee," Aidan alisema. "Spana moja, nusu saa, paa limetoka."

Ncha ya drili ilivunjika kabla tundu la kwanza halijatoboka. Nyingine ilikuwa Songea, na mnunuzi wa kahawa alikuwa ameshapita gerejini mara mbili siku hiyo. Aidan akawasha jenereta, akachomelea fremu ya paa moja kwa moja kwenye kingo za chuma za bodi. Halafu akachukua nati nane, akazichomelea kwa nje, nne kila upande, akazipaka rangi. Ignatio alipokuja alizihesabu kwa kidole, akaridhika.

Mwezi Septemba mwaka uliofuata, Walburga, dada yake Ignatio, alifariki hospitalini Mbinga. Ignatio alilileta gari gerejini mwenyewe, akasimama pembeni, kofia mkononi, akingoja spana.

"Zimeshika kutu, Mzee. Nikilazimisha zitakatika."

Jeneza halikuingia; lilikwama kwenye ukuta wa bati uliochomelewa pamoja na paa. Lilifungwa juu ya paa kwa kamba za magunia, na aliyelifunga ni Aidan. Wafiwa walikaa ndani, gizani, kwenye sakafu yenye maganda ya kahawa. Kwenye mteremko wa kwanza Ignatio aliinua mkono, akaweka kiganja kwenye bati juu ya kichwa chake. Wengine wakafanya hivyo hivyo, wakibadilishana mikono, hadi Mbamba Bay. Ignatio ndiye aliyemsimulia Aidan haya baadaye, bila lawama yoyote.

Tangu hapo, kila gari lilipopanda Mbinga, mzee alishuka mbele ya gereji na chupa ya oili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Zimeanza kulegea?"

"Bado."

"Tuziongezee. Shika chupa." Alidondoshea nati moja baada ya nyingine. "Arobaini ikipita nataka turubai langu. Zamu inayofuata ni yangu, na mimi tangu utoto naogopa kukaa juu ya magari."

Mafundi wa jirani walicheka. Aidan naye alicheka, kisha akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Nyumbani, mkewe Kunigunda alikuwa anaanika kahawa juu ya turubai hilo hilo, lililobaki kwao tangu paa liwekwe.

"Mwambie," alisema. "Au unangoja aishiwe oili?"

"Ataniita mwongo."

"Hapo atakuwa amesema kweli. Unaogopa kingine?"

Usiku huo Aidan hakula.

Siku mbili baada ya misa ya arobaini, Ignatio alifika gerejini na chupa mpya. Aidan hakuipokea. Aliweka patasi chini ya nati ya kwanza, akapiga nyundo mpaka ikadondoka. Pale ilipokuwa hapakuwa na tundu.

Ignatio aliinama akaiokota, akaigeuza kiganjani.

"Na hizi saba?"

"Ni hivyo hivyo, Mzee. Paa nililichomelea. Hakuna nati iliyoshika kitu."

"Hata siku ya Walburga ulijua."

"Nilijua."

"Nimezitia oili wiki tano."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ukawa unanishikia chupa."

Mafundi wa jirani walijifanya wana kazi. Ignatio aliweka nati kwenye mfuko wa shati, akaacha gari pale pale, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi ziwani. Hakuaga.

Alhamisi Ignatio alituma ujumbe kwa mdomo wa dereva mmoja: paa likatwe mbele ya macho yake, na turubai lirudi. Kunigunda alipousikia, alihamishia kahawa yake kwenye mikeka, akafua turubai, akalianika kwenye uzio. Aidan ameazima msumeno wa chuma. Jumatatu saa moja asubuhi ataanza kulikata paa, na Ignatio atakuwepo, ameketi kwenye kiti, mpaka kipande cha mwisho kitoke.