Maji ya Kumwosha Mama

Kwetu Muyinga Mwislamu huitwa Mswahili, hata kama babu yake alilima mihogo Mwakiro na hakuwahi kuiona bahari. Mama yangu alikuwa Mswahili wa namna hiyo. Alishona foronya na mashuka akauza sokoni, lakini mtaani hawakumjua kwa foronya. Walimjua kwa kuosha maiti. Mwanamke akifa, mtu alikuja kupiga hodi kwetu, na Mama aliiacha cherehani na nguo ikiwa bado chini ya sindano. Nilipopata akili alianza kunichukua. Mimi nilimimina maji, yeye aliosha kwa kitambaa mkononi, chini ya shuka, bila kuufunua mwili. Alizungumza na wale marehemu kama watu wanaosukwa nywele. "Geuka kidogo, dada," alisema. "Pole, maji iko baridi." Siku moja nilimuuliza kama wanasikia.

"Mi sijui," akasema. "Lakini adabu ni adabu."

Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye msiba, mikono yetu ikinuka kafuri, aliponiambia lile neno. "Mi nimekosha wamama wote wa huu mtaa. Mi utanikosha we. Usiachie mutu mwingine." Nikamwambia aache maneno hayo. Akanicheka. Akauliza kama nilidhani yeye ni jiwe la mtoni.

Niliolewa Gitega, na ile kazi ya sindano aliyonifundisha ndiyo ikanipa mkate. Niliingia katika ateliye moja ya kushona sare za shule na kanzu za kwaya. Naam, kanzu za kwaya. Nimeshona misalaba mingi kifuani mwa watu kuliko fundi yeyote Mkristo wa pale, na nilishona vizuri, kwa sababu uzi hauna dini. Mwenye ateliye, tuliyemwita patroni, alikuwa mama mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi wake waliporudi walipata shamba Giteranyi, yeye akaja mjini na cherehani zake. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha huko, kimenyooka, na tulimcheka kwa ajili ya "tafadhali" zake. Alikuwa mlokole na alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, kwa sababu wema wake ndio kisa chenyewe.

Waislamu tulikuwa wawili tu pale: mimi na mzee aliyekata vitambaa. Palikuwa na kijana mmoja Msabato. Waliobaki walikuwa Wakatoliki na walokole. Kwa muda mrefu Ijumaa ya mzee na Jumamosi ya kijana zilipita kwa kuibiwa-ibiwa. Mmoja alisingizia choo, mwingine alisingizia malaria. Patroni akachoka na uongo, akaita mkutano tuyaseme hayo mambo wazi.

Mwakilishi wetu wafanyakazi alikuwa mama wa upande wa Mutoyi, mshona vifungo, ambaye rozari haikumtoka shingoni. Ndiye aliyeanza. "Alors, kila mutu atakuja na Mungu yake na saa yake? Basi mi nitaomba likizo ya watakatifu wote, na iko wengi."

Watu wakacheka. Mzee alingoja kicheko kiishe, akasema kwamba yeye hakuomba kupunguziwa kazi, aliomba kuihamisha tu. Saa atakayoitoa Ijumaa atairudisha jioni. Kijana Msabato akasema atapiga pasi Jumapili, wenzake wakiwa kanisani. Mmoja akauliza mlango utafunguliwa na nani Jumapili. Mwingine akauliza kama ni haki mtu apumzike siku ambayo wengine wanatoka jasho. Walibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye wakakubaliana, na nakumbuka niliona fahari. Nilidhani tumefanya jambo ambalo hata wakubwa hawaliwezi.

Ndipo nikainua mkono kuhusu misiba.

Kanuni ya misiba ilikuwepo tayari, na ilikuwa kanuni ya upendo. Mfanyakazi akifiwa, hasafiri peke yake. Ateliye hufungwa siku ya maziko, wote wanapanda gari moja, wanakwenda kumzika marehemu pamoja na mwenzao. Ruhusa yake huanza siku ya maziko ikishatangazwa. Kwa Wakristo wa nchi hii hilo ni jambo la kueleweka. Maiti hulala hospitalini siku kadhaa, watoto wa mbali wanafika, jeneza linachongwa, na hakuna anayeharakishwa.

"Kwetu maiti haingojei," nikasema. "Mutu akikufa asubuhi, alasiri iko kaburini. Donc naomba tuandike: Mwislamu akifiwa, aachiwe aende palepale."

Mama wa Mutoyi akafanya ishara ya msalaba. "Yoo! We unamutakia nani kifo? Mama yako si ni muzima?"

"Ni muzima."

"Basi wacha kumwita kifo. Itasikia."

Nilitaka kucheka. Mama yangu alizungumzia kifo chake kama anavyozungumzia chumvi. Lakini niliwatazama usoni nikaona hawatanii. Katika nchi yetu mtu hapangi maziko ya aliye hai, na hasa ya mzazi. Patroni akaniwekea mkono begani. "Dada yangu, hilo tutaliona siku ikifika," akasema. "Tusiuite msiba mlangoni." Mkutano ukafungwa kwa sala. Mzee mkataji alinitazama akatikisa kichwa.

Siku ikafika.

Ilikuwa karibu na shule kufunguliwa, meza zimejaa sare. Kaka yangu alipiga simu asubuhi. Mama alikuwa anatawadha, akakaa chini, hakuinuka tena. "Njoo," akasema. "Tutakungoja hadi alasiri. Wamama wanataka kumukosha, nimewaambia wakungoje."

Nilichukua mkoba. Miezi ile esansi ya magari ilikuwa imekwisha nchini, na gari lenye mafuta lilikuwa habari ya mji mzima. Sote tulijua kwamba palikuwa na moja kituoni, limepakia magunia ya mchele, linangoja abiria wa mwisho kwenda Muyinga. Mzee akasimama kabla yangu. "Patroni, mwache aende na ile gari. Sasa hivi."

Patroni alikuwa tayari amenikumbatia, analia kuliko mimi. "Mzee, jamani, mfiwa tumpakie juu ya mchele kama mzigo? Peke yake? Akizimia njiani je? Hapana. Nitampeleka mwenyewe kwa gari langu, kwa heshima. Natafuta mafuta, tunaondoka."

"Wanazika leo," nikasema.

"Leo?" Mama wa Mutoyi alishika kichwa. "Mama wee! Kama mutu asiyekuwa na watoto? Haiwezekani. We ni mutoto mukubwa. Bila we nani atamuzika? Watakungoja. Ihangane, vumilia."

Hawakuwa wanabisha. Walikuwa wananifariji. Kwao, kumzika mama siku aliyokufa ni jambo linalofanyiwa wasio na mtu, na hawakuweza kuamini kwamba wangu angefanyiwa hivyo. Niliwaambia tena. Nikapiga kelele. Wakasema ni uchungu, wakanivua mkoba begani kwa upole, wakaniketisha, wakanipa chai yenye sukari nyingi. Mfiwa hana nguvu, hugeuka mtoto wa kila anayemshika. Nilisikia lile gari likipiga honi likipita barabarani, na mzee akakaa chini na mkasi wake, akakata kitambaa vibaya kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Patroni aliondoka na dumu. Kituo cha kwanza hakukuwa na kitu. Cha pili kulikuwa na foleni ya magari yaliyolala hapo. Akahangaika kwa wauzaji wa magendo, mtaa baada ya mtaa, mwanamke mzima na dumu mkononi, kwa ajili yangu. Huku ateliye wale wamama walinizunguka wakaniimbia wimbo wa Kirundi wa kufariji, polepole, kwa sauti tatu. Walikuwa wanakwaya, walijua kuimba. Wimbo ulikuwa mzuri sana. Nilitaka kuwatukana.

Tulipotoka Gitega jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Patroni aliendesha kama mwizi. Tulikuwa Karuzi kaka alipopiga tena, akauliza tuko wapi. Nikamwambia. Akasema, "Shangazi ameanza kumukosha. Wazee wamekataa kungoja. Unisamehe."

Niliitazama mikono yangu mapajani. Haikuwa na kazi.

"Wanamwosha," nikamwambia patroni.

"Vizuri," akasema, akaongeza mwendo. "Wanamwandaa. Utamkuta amependeza."

Tulipoingia Muyinga tuliwakuta wanaume barabarani, kundi kubwa, wanatembea kimya kuja upande wetu, kofia vichwani, suruali zimekunjwa. Miguu yao ilikuwa na udongo mwekundu. Mmoja alikuwa kaka yangu, na yeye udongo ulimfika viwikoni. Sikuhitaji kuuliza. Patroni alisimamisha gari, kaka akainama dirishani.

"Tumemaliza," akasema.

"Mmemaliza nini?" patroni akauliza.

"Kuzika, mama."

Patroni alimtazama, akanitazama. "Mbona hamkutungoja?" akasema.

Kaka yangu ni mtu wa heshima. Alifuta mkono mmoja kwenye shati kabla ya kuuweka mlangoni. "Tuliwangoja," akasema.

Nyumbani wanawake walikuwa juu ya mikeka. Nilipita katikati yao bila salamu, nikaenda uani nyuma ya jiko, mahali palipozibwa kwa kanga. Pale chini palikuwa bado pamelowa. Ndoo zilikuwa zimefunikwa, na harufu ya kafuri ilikuwepo, ileile ya mikono yetu zamani. Nilipiga magoti nikaitia mikono yangu katika yale matope, kwa sababu ndiyo maji yaliyomgusa, nikalia kwa sauti ambayo Mama asingeikubali. Shangazi alikuja akaniinua. Sikumuuliza kitu.

Siku ya tatu walikuja wenzangu wote kutoka Gitega. Walikuja na shada la maua ya plastiki na makreti ya Fanta, kwa kuwa hawawezi kwenda kwa mfiwa mikono mitupu. Wanaume wakapelekwa makaburini, wakarudi wanyonge. Hawakuona msalaba, wala saruji, wala jina, ila udongo ulioinuka kidogo na jiwe. Mama wa Mutoyi hakujua aliweke wapi lile shada. Alilishika kifuani muda wote, mpaka kaka yangu alipolipokea kwa mikono miwili na kuliegemeza ukutani mwa nyumba yetu, likakaa pale, wapita njia wakishangaa. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawa walitenda wema wakabaki wamesimama uani, wamelowa machozi, wakingoja niwaambie kwamba si neno.

Niliwaambia si neno. Ningefanya nini? Angenizuia mtu mbaya, ningemchukia, na chuki ina namna yake ya kumponya mtu. Mimi nilizuiwa na watu waliokuwa wamenishika mkono. Walikuwa wengi, walinipenda, na hawakuweza kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kumpenda marehemu. Hadi leo sijui hasira ile niiweke wapi. Naitembeza tu.

Sasa kanuni niliyoomba ipo. Patroni aliitisha mkutano mwenyewe, akaisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na hakuna aliyefanya ishara ya msalaba. Na katika kibanda nyuma ya ateliye kuna dumu la esansi lisiloguswa. Nimemwona patroni akienda kanisani kwa miguu, mvua inanyesha, dumu limejaa.

Mwaka uliofuata simu ilimjia mzee mkataji. Dada yake wa Mwakiro amefariki. Patroni hakusema hata pole. Alichukua funguo, akasema, "Mzee, twende," na mkasi ukabaki katikati ya kitambaa, umefunguka. Mama wa Mutoyi ndiye aliyekimbia kuleta dumu. Mzee alifika. Alishuka kaburini akampokea dada yake kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza kwa ubavu wa kulia. Aliporudi alinisimulia, akashukuru mpaka akaona haya, maana alijua anamsimulia nani.

Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikalia kwa wivu. Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mfiwa.

Siku hizi naosha hapa Gitega. Wanawake wetu si wengi, na wanaojua kazi hii ni wachache, kwa hiyo naitwa. Patroni ananiruhusu kabla sijamaliza kusema. Naweka kitambaa mkononi, namimina, nazungumza nao kama nilivyofundishwa. Geuka kidogo, mama. Pole, maji iko baridi. Nawaosha mama za watu kwa adabu yote niliyopewa, na kila mara namkumbuka shangazi, ambaye ni mzima bado, na ambaye sijathubutu kumuuliza kama siku ile alimwambia Mama kwamba maji yana baridi.