Siku Niliyokwamisha Jeneza Buterere

Mkasa huu sijawahi kuusimulia kule mtaani kwetu Buyenzi, na leo nikiusimulia ni kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu, maana nilijiaibisha mbele ya maiti na mbele ya wafiwa, na hakuna wa kulaumiwa ila mimi.

Mi ni fundi magari. Nimezaliwa Buyenzi, baba yangu kazaliwa Buyenzi, na nilipopata kiwanja Ruziba, pembeni mwa mji, nikajenga nikahamia huko na mke wangu (niliyehama ni mwili, mdomo ulibaki Buyenzi). Ruziba wahamiaji tuko wengi, huyu katoka Musaga, yule Bwiza, na jioni tukikaa kwenye kibanda cha chai kila mtu anasifu kwao, lakini mi nilikuwa nazidisha, nasema Buyenzi ndiyo mji, kwingine kote ni mashamba yaliyowekewa taa. Na niliyemwandama zaidi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Nestori, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, aliyehama Buterere, mtaa wa bondeni, baada ya mafuriko kuingia nyumbani kwake mara mbili. Nilimpa jina la Chura. Watu wakacheka, jina likashika. Yeye alikuwa anatabasamu tu, anakunywa chai yake, na mi nikadhani amelipenda.

Mama yake alikataa kuhama, akabaki Buterere na mdogo wake wa kike. Mwaka jana, mvua zikiwa kali, akafariki. Nestori akaja mlangoni kwangu asubuhi kuniuliza kama kamioneti yangu, ile pikapu ya kazi, ingeweza kumtoa mama hospitali, kumpitisha nyumbani watu wamuage, kisha makaburini. Nikakubali kabla hajamaliza kusema, na wallahi hapo sikuwa na kiburi, nilimhurumia kweli. Kiburi kilikuja wakati wa kuvaa. Nilitoa kanzu yangu nyeupe ya Idi, nikaosha gari mpaka likang'aa, nikawapigia simu rafiki zangu wawili wa Buyenzi waje nao, ili watu wa Buterere waone sisi tunavyoheshimu msiba.

Tulipofika pale lami inapoishia na njia ya udongo inaanza kukata katikati ya mashamba ya mpunga, Nestori, aliyekaa pembeni yangu, akanigusa mkono.

"Rajabu, simamisha hapa. Kuanzia hapa mama tutamubeba kwa mabega."

"Kwa nini? Njia imekauka."

"Imekauka juu tu. Chini ni maji. Mi nimekulia hapa."

Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na lisingenigharimu kitu. Lakini rafiki zangu walikuwa nyuma kwenye teksi wananitazama, na nikaona mutu wa Buyenzi hawezi kufundishwa barabara na mutu wa Buterere, tena fundi, tena ndani ya gari lake mwenyewe. Nikamwambia, "We ni mwalimu, mi ni fundi. Mambo ya gari niachie." Akauondoa mkono wake (mtu ambaye mama yake yuko nyuma kwenye jeneza hana nguvu ya kubishana).

Tulikwenda kama hatua mia, watu wa Buterere waliokuja kutupokea wakitutangulia kwa miguu, wanawake wanaimba nyimbo zao za kanisani, na nikaanza kuamini nimeshinda, ndipo upande wa kulia ukashuka, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Nikakanyaga mafuta, ambalo ni kosa ninalomkataza kila anayejifunza kwangu gereji, na tairi likazidi kuchimba, gari likalala upande, nikasikia jeneza linateleza nyuma na kugonga ubavu wa gari. Msalaba wa mbao uliokuwa juu yake ukaanguka kwenye mfereji wa mpunga. Wanawake wakaacha kuimba.

Nikafungua mlango niruke nikasaidie, mguu ukazama hadi gotini, nikaanguka kifudifudi na kanzu yangu. Nilipoinua uso nikaona wanaume wa Buterere wameshavua viatu, wamekunja suruali, wanajua kila mmoja asimame wapi, wamelitoa jeneza na kuliweka mabegani bila hata mtu mmoja kunigombeza. Nestori aliingia mferejini mwenyewe, akauokota msalaba, akaufuta kwa koti lake. Rafiki zangu walikuwa wamesimama kwenye lami wanatazama chini.

Nyumbani kwa marehemu, mama mudogo wa Nestori alinipokea uani. Akanipa ndoo ya maji, akanipa kitenge nijifunge wakati kanzu inalowekwa. Kilikuwa kitenge cha marehemu.

"We ndiye jirani yake wa Ruziba?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Unayemwita Chura?"

Nikainamia ndoo, nikanawa matope usoni.

"Dada yangu alisikia," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Alimuuliza mutoto, huyo jirani ni mutu mubaya? Nestori akasema apana, ni mutu muzuri, anapenda tu kuongea."

Basi nikaenda makaburini nimefunga kitenge cha mwanamke niliyemcheka bila kumjua, nikasimama nyuma ya wote, na nikalia kuliko jirani anavyotakiwa kulia.

Siku ya kumaliza matanga nilimfuata Nestori pembeni, nikamwambia, "Nilikukosea, mwalimu, na sizungumzii gari." Akasema, "Mi nilikuwa nimezoea, Rajabu. Mama ndiye hakuzoea."

Mpaka leo tunasalimiana, tunaazimana ngazi na majembe, watoto wetu wanakula nyumba yoyote wanayokuta chakula, lakini kwenye kile kibanda harudi tena, chai anakunywa kwake. Nami nimeapa, sitamtania mtu tena kwa mahali alipolelewa, kwa sababu kila katiye, kila mtaa wa mji huu, hata ile inayoingia maji, ina mama wa mtu amekaa mlangoni, anauliza mwanawe anaishije na majirani.