Fundi masweta aliyewafundisha mashabiki wa Njombe kuimba sauti nne

Saa mbili asubuhi, Makambako bado haijavua koti. Katika chumba cha mbele cha nyumba moja karibu na stendi, Yunis Mlowe anasukuma mashine yake ya kufuma, kulia, kushoto, kulia. Sweta la bluu la shule linashuka taratibu kuelekea magotini mwake.

Simu iliyoegemezwa kwenye bunda la uzi inalia. Ni ujumbe wa sauti. Mwanamume anaimba mstari mmoja kwa sauti nzito, anakohoa, kisha anaanza upya.

Yunis anasimamisha mashine. "Kaka Rabson, umezama. Hiyo ni do ya chini, wewe umeingia kisimani. Panda kidogo. Na hilo neno 'nyumbani' usilivute hivyo, hatuko msibani."

Anacheka peke yake, anarudi kazini.

Yunis, mwenye umri wa miaka 31, hulipwa shilingi 4,000 kwa kila sweta analomaliza. Siku nzuri humaliza sita, na siku nzuri zaidi ni zile za Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Miezi mingine hufuma kofia na soksi za watoto wachanga.

Kazi yake nyingine haina malipo. Ni mratibu wa mashabiki wa Telesia Sanga, mwimbaji wa bongo fleva aliyezaliwa Bulongwa wilayani Makete, anayejulikana jukwaani kwa jina la Tesi.

Mwaka juzi Tesi alitumbuiza Njombe mjini kwa mara ya kwanza. Uwanja ulijaa. Lakini kila alipowaelekezea watu kipaza sauti ili waimbe naye, walimtazama tu, mikono ikiwa ndani ya makoti. Kipande cha video kikazunguka kwenye simu, na watu wa mikoa ya joto wakakitania: Njombe hata mashabiki wameganda.

Ratiba ya ziara ya mwaka jana ilipotoka, Iringa ilikuwemo, Songea ilikuwemo. Njombe haikuwemo.

"Basi la bendi lingepita hapa, mbele ya mlango wangu, lisisimame," anasema Yunis. "Niliona aibu, kama mgeni amekuja kwangu akaondoka hata maji hajanywa."

Alimpigia simu mwandaaji wa ziara, Brayson Mtewele. Simu sita hazikupokelewa. Ya saba ilipokelewa.

"Aliniambia, 'Dada, nitawapa alasiri moja. Nikikuta ukimya kama ule, Njombe naifuta kabisa.' Nikamwambia sawa, na uandike jina langu, ili ukija kulaumu usihangaike kutafuta mtu."

Jina alilotoa halikuwa na kitu nyuma yake isipokuwa kundi la WhatsApp la watu hamsini na alto yake ya kwaya ya kanisani. Lakini ni kwaya hiyo iliyompa wazo. Huku Njombe, anasema, mtu anaweza kukosa viatu lakini hakosi sauti yake. Karibu kila nyumba ina mtu anayejua kama yeye ni soprano au besi. Kwa nini basi watu hao wapige kelele tu kama wengine, wakati wanaweza kumwimbia Tesi wimbo wake mwenyewe kwa sauti nne?

Alimpelekea wazo hilo mwalimu wake wa kwaya, Yoramu Nyagawa, anayeishi Kitandililo. Mzee huyo hakufurahi.

"Nilimwuliza, mwanangu, kwaya imekuchosha?" anakumbuka Mwalimu Yoramu. "Akaniachia maneno ya wimbo kwenye karatasi, akaaga. Nikayasoma baada ya chakula. Nikaona huyu binti anayeimba anamkumbuka mama yake aliyebaki kijijini, basi. Sasa hapo dhambi iko wapi? Kesho yake nikaandika noti za sol-fa."

Mazoezi yalianza Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, katika uwanja wa nyumba ya mwalimu. Waliokaa mbali walitumiwa sauti kwa simu, kila sauti na kundi lake. Soprano walifurika. Wa tenor, sauti ya juu ya wanaume, walitafutwa kama sindano. Besi walipatikana sokoni, kwa wapakiaji wa viazi, na wa kwanza kati yao alikuwa Rabson Kyando.

"Alikuja akaniuliza kama najua kuimba," anasema Rabson, 27. "Nikamwambia najua kubeba. Akasema besi ni hiyo hiyo."

Baada ya miezi mitatu walikuwa watu 312, kutoka Makambako, Njombe mjini na vijiji vya Makete. Kila mmoja alijinunulia tiketi na kujilipia nauli. Yunis aliwafumia wote mikanda ya mkononi kwa uzi uliobaki kwenye masweta ya shule: bluu soprano, maruni alto, kijani tenor, kijivu besi.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Tesi hakuambiwa lolote. Katika wimbo wake "Ukungu wa Bulongwa", baada ya ubeti wa pili, huwa ananyamazisha bendi na kuelekeza kipaza sauti kwa watu. Hapo ndipo wangeingia. Yunis angesimama mbele, kando ya spika ya kulia, na kuwaongoza kwa mikono.

Siku ilifika, Jumamosi ya Julai, saa tisa alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nguzo za jukwaa. Dakika chache kabla ya wimbo huo, mlinzi alimwona Yunis kando ya spika.

"Dada, hapa ni wasanii tu."

"Mimi naongoza hawa."

"Hawa kina nani?"

Yunis aligeuka kuwaonyesha watu wake, akaona umati na ukungu. Akasukumwa nyuma, taratibu lakini kabisa, mpaka akamezwa na watu warefu.

Ubeti wa pili ukaisha. Bendi ikanyamaza. Tesi akanyoosha mkono wenye kipaza sauti.

Kimya.

Walikuwepo wote 312, mikanda mkononi, pumzi wamevuta. Walikuwa wanatafuta mkono wa Yunis. "Kwenye kwaya huanzi wewe," anaeleza Rabson. "Anayeanza kabla ya mwalimu anakatwa jicho mpaka Pasaka."

Jukwaani Tesi alitabasamu tabasamu la mtu aliyeumia. "Njombe, bado baridi?" akauliza.

"Nilisikia hilo nikiwa nyuma ya migongo ya watu," anasema Yunis. "Nikajua jina langu limekwisha. Tena si langu tu, nimeizika Njombe nzima."

Rabson ndiye aliyemwona. Alipenya, akainama, akampandisha mabegani bila kuomba ruhusa.

"Gunia la viazi la lumbesa linapita kilo mia," anasema. "Dada Yunis hata nusu yake hafiki. Ila alinipiga kichwani akisema nimshushe. Nikamwambia, ongoza kwanza, utanipiga baadaye."

Akiwa juu ya vichwa vya watu, Yunis alitoa sauti ya kuanzia na kuinua mikono. Besi wakaingia kwanza, chini kabisa. Tenor wakafuata, halafu alto. Soprano walipopanda, watu wasio na mikanda waligeuka kuwatazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kujitafutia sauti zao.

Tesi alichomoa kifaa cha sikioni. Akakaa chini, ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia, akasikiliza kiitikio mara mbili bila kuimba hata neno. Walipomaliza, alijisogezea kipaza sauti.

"Kamwene," aliwasalimu. "Mwaka ule nilirudi nikasema nyumbani hawanipendi. Kumbe mlikuwa mnasubiri mwalimu."

Uwanja ukacheka kicheko kimoja kikubwa, na Yunis anakiri kwamba yeye hakucheka. Alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kujifuta, kwa kuwa mmoja ulishika kichwa cha Rabson na mwingine bado ulikuwa juu.

Brayson alimpigia yeye mwenyewe Jumatatu. Ziara ya mwaka huu inaanzia Njombe.

Mwalimu Yoramu, aliyekuwa amebaki nyumbani, ameitazama video mara nyingi. "Alto walichelewa kidogo," anasema kwa ukali, kisha anashindwa kuificha furaha usoni. "Lakini wale ni wanafunzi wangu. Wote wale."

Sasa Yunis anamfundisha Rabson kuongoza, na amemwomba mwandaaji kijukwaa kifupi cha mbao mbele ya jukwaa ili mwongozaji aonekane hata ukungu ukishuka. Si kwamba amechoka, anasema. Kuna jambo moja analolitaka.

"Wimbo ule nimewafundisha watu 312, na siku yenyewe sikuuimba. Mwongozaji haimbi. Mwaka huu nataka nisimame katikati ya alto, nimtazame Rabson, na akiinua mkono, na mimi niimbe."