Vidole vya Baba Mwajuma

Usiku ule nililala na kinyongo na fundi Kasimu. Mjukuu wangu Hamisi, mtoto wa binti yangu Mwajuma, ana gari dogo la kubebea abiria, na ndilo linalotulisha nyumba nzima hapa Mbagala. Likikimbia barabarani halina neno. Lakini tangu litoke kwa Kasimu kubadilishwa oili, likiingia kwenye foleni linachemsha, mvuke unatoka kwenye boneti, abiria wanashuka wanakwenda zao. Kasimu kalipeleka mbio, kalirudisha, akasema injini imekwisha, haifai hata kufungua, bora kuuza. Na mnunuzi kamtafuta yeye mwenyewe: shemeji yake. Waje asubuhi walichukue. Nikajiuliza, daktari gani huyu anayekuja kumpima mgonjwa na jeneza mkononi? Lakini mimi sijui gari. Nikalala.

Nikajiona nimesimama katikati ya foleni, jua kali, magari yamejaa mbele na nyuma, na ndani hamna watu. Ikapigwa honi ninayoijua. Kutazama, ni teksi ya marehemu mume wangu Athumani, baba Mwajuma, na mwenyewe yuko kwenye usukani. Kavaa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Nikaogopa, maana kofia ile niliigawa mwenyewe siku ya arobaini yake, nikampa Rajabu mwana wa Bi Tatu. Imerudije?

Akanifungulia mlango. "Panda, mama Mwajuma."

Nikarudi nyuma. Sisi tumelelewa kwamba maiti akikuita safari ndotoni humfuati, akikupa chakula huli. Jirani yetu Mwanahawa binti Omari aliota anakula boga kwa marehemu dada yake Hadija, hatukukaa sana tukamzika.

"Sipandi," nikamwambia. "Kwanza nijue kama ni wewe. Nani alikuwa akikuoshea teksi yako ya kwanza?"

"Majina unayajua wewe. Mimi najua gari."

Ni Salehe Kibonge ndiye aliyekuwa akiiosha. Lakini moyo ukalegea kidogo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa hasa. Wakwe zake wote aliwaita "bwana mkubwa" asije akakosea.

Mara hatuko barabarani tena. Teksi imo uani kwangu, imesimama pale ninapoanikia vyombo, injini inanguruma. Kiti cha nyuma wamekaa wanangu wakiwa wadogo: Mwajuma, Salumu, Asha, na Idi wangu niliyemzika na surua. Wanakula karanga, wanacheka. Nataka kumshika Idi, mkono haufiki. Athumani anainua kidole.

"Nyamazeni, nisikie."

Neno hilo nalijua. Kila foleni alikuwa akituambia hivyo, anazima redio, anatega sikio, hata mtoto awe analia. Miaka yote nilidhani ni ukali tu. Watoto wananyamaza. Anafungua boneti, na ninaona gari lililo chini yake si teksi yake. Ni gari la Hamisi.

Halafu anatia mkono ndani, kwenye mapanga ya feni, nyuma ya rejeta. Injini inawaka, yeye anatia mkono! Nikapiga kelele, nikafumba macho. Nilipofumbua, vidole vyote vizima, anavichezesha mbele yangu kama anamchekesha mtoto.

"Ingekuwa inazunguka, ingenikata."

"Wewe maiti," nikamwambia, "utakatwa na nini?"

Akacheka. Ni kicheko chake, kile cha puani. "Haya, tia wako."

Nikamtazama yeye, nikaitazama kofia, nikaitazama feni. Nikasema moyoni, huyu anataka mkono wangu au anataka kunisaidia? Sikutia. Akanikazia macho, hakukasirika, akanigeuzia mgongo. Na mvuke ukapanda, ukawafunika watoto mmoja mmoja, wa mwisho Idi.

Nikaamka na honi. Haikuwa ya ndotoni. Kasimu na shemeji yake walikuwa wamefika mlangoni.

Nikatoka na kanga moja, sijanawa hata uso. Hamisi kashika funguo, ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Liwashe. Usiliendeshe, liache hapo hapo lisimame."

Kasimu akacheka. "Bibi, leo umekuwa fundi? Litachemsha hilo, litatuunguza wote."

"Ndilo ninalolitaka. Tangu lini umelisubiri lichemshe, Kasimu? Wewe kazi yako kulikimbiza barabarani, linapigwa upepo."

Hamisi akaliwasha, akafungua boneti. Tukakaa. Shemeji mtu akaanza kusimulia gari alilonunua mwaka juzi, Kasimu anamwitikia kwa sauti kubwa, kubwa kuliko hadithi yenyewe. Mshale wa joto ukapanda, Hamisi akasema, "Bibi, umefika juu."

"Nyamazeni," nikasema. "Nisikie."

Wakanyamaza. Injini peke yake, feni haisikiki. Nikachomoa chelewa moja kwenye ufagio wangu wa uani, nikaitia katikati ya mapanga ya feni, mkono wangu nikauweka mbali, maana mimi ni mzima na ninakatika. Chelewa ikakaa humo, nzima, haikutikisika.

Hamisi akainama, akapapasa nyuma ya feni. Akavuta waya. Mwisho wake una soketi, inaning'inia, haikushika popote, safi kama iliyoshikwa na vidole juzi tu, wakati waya wenyewe umejaa vumbi.

"Hizo huchomoka zenyewe," Kasimu akasema. "Mitikisiko."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hamisi akaisukuma ile soketi mahali pake. Feni ikanguruma, ikaikata chelewa vipande vipande, na vipande vikaruka vikamwangukia Kasimu kifuani.